Lindisfarne kwa siku moja: saa za maji, magofu ya monasteri na sili

mkoba_mgongoni

Habari zenu wadau. Jumamosi moja ya Oktoba tunataka kwenda Lindisfarne, kile kisiwa cha Northumberland, Uingereza, ambacho barabara yake humezwa na bahari mara mbili kwa siku. Tutapanda treni kutoka Edinburgh hadi Berwick-upon-Tweed. Tuko watu wazima wanne na mtoto wa miaka 8. Mmoja wetu ni mama, na magoti yanamsumbua.

Maswali: (1) Zile saa za kuvuka zinasomwaje, na mtu aache akiba ya muda gani? (2) Ile njia ya miguu yenye nguzo mchangani inafaa kwa mtoto? (3) Magofu na ngome vyote vinatosha siku moja? (4) Sili, wale wanyama wa baharini, na wale ndege wa rangirangi wanaonekana wapi hasa?

bamvua_na_mafu

Jedwali kwanza, mengine yote yafuate. Northumberland County Council huchapisha saa salama za kuvuka kwa kila siku ya mwaka, na hilo ndilo jedwali la kutumia. Programu ya simu inayokupa saa za maji ya Berwick haitoshi, kwa sababu inakwambia maji yanajaa saa ngapi, haikwambii lami inafunikwa saa ngapi.

Kanuni ya jumla, ili uelewe unachokisoma: barabara hufunguka kama saa 3 baada ya maji kujaa, na hufungwa kama saa 2 kabla hayajajaa tena. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo barabara inakuwa wazi kwa saa 7 na ushei, kisha inafungwa kwa saa 5 hivi.

Mfano wa kujifunzia tu, siyo wa kusafiria: maji yamejaa 05:30. Barabara iko wazi kuanzia 08:30 mpaka 15:55. Maji yanajaa tena 17:55, na barabara haifunguki mpaka kama 20:55. Mgeni wa siku moja hapo anatakiwa awe ameshatoka kisiwani kabla ya 14:55, maana saa nzima ya mwisho si yake.

Sasa angalieni mtego unaowapata hasa watu wanaosema Kiswahili nyumbani. Jedwali limeandikwa kwa saa 24. 15:55 ni saa kumi kasoro dakika tano alasiri. Mkigawana majukumu, mmoja akasoma "14:55" na mwingine akasikia "saa tatu kasoro", mmeshapotea. Andikeni saa za Kiswahili pembeni kwa kalamu kabla ya kuondoka, na wote msome karatasi ileile. Ukitumia jedwali la maji la kwingine, tazama pia kichwa chake kama limeandikwa GMT: mpaka mwisho wa Oktoba saa za Uingereza ziko mbele kwa saa 1.

Kuhusu kuchagua siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji huwa bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida, na katika pwani ile bamvua hujaa alasiri. Maana yake barabara inakufungia katikati ya mchana: uingie alfajiri utoke kabla ya adhuhuri, au ukubali kubaki ndani mpaka jioni. Maji mafu, yale ya nusu mwezi yasiyojaa sana, yanajaa asubuhi na usiku, kwa hiyo barabara inafunguka karibu na adhuhuri na kubaki wazi mpaka jioni. Siku nzuri kwa wageni wa treni ni zile za katikati, kama mfano wangu wa juu. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, hivyo Jumamosi hii na ile ijayo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na jedwali ni hesabu ya mwezi na jua tu. Halijui upepo. Kanieneo ya hewa (mgandamizo wake) ikishuka kwa hektopaskali 1, bahari inapanda kama sentimita 1, kwa hiyo dhoruba yenye mshuko wa hektopaskali 30 inakuongezea sentimita 30 za maji kabla hujaweka upepo unaosukuma kuelekea pwani. Hali ikiwa hivyo, saa moja ya akiba haitoshi.

gurudumu4

Umemtisha ndugu wa watu. Saa zile zimewekewa akiba tayari. Dakika 15 au 20 baada ya muda, lami bado kavu.

bamvua_na_mafu

@gurudumu4 lami ipi? Hapo ndipo magari yanapozama.

Fuata barabara kuanzia kijijini. Unatoka pakavu. Unapita kando ya matuta ya mchanga ya The Snook, pakavu vilevile, na unajisifu kwamba jedwali linatia chumvi. Unaingia sehemu ya wazi, bado lami inaonekana. Sehemu ya chini kabisa iko mwishoni, upande wa bara, penye daraja la mkondo unaoitwa The Low. Maji yanafika huko kwanza. Kwa hiyo dereva anakutana nayo baada ya kumaliza karibu safari nzima, bara inaonekana mbele yake pua na mdomo, na barabara ni nyembamba ya kugeuzia. Anajaribu kupita. Sentimita 30 za maji yanayotembea zinaweza kusukuma gari dogo, 60 zinaweza kuinua gari nyingi, za magurudumu manne zikiwemo.

Kama mtu ameshakwama: asisubiri ndani ya gari. Penye daraja kuna kibanda cheupe kilichoinuliwa juu ya miguu mirefu, kina ngazi. Apande huko na watu wake, apige 999, aombe Coastguard (waokoaji wa pwani), akae mpaka aokolewe au maji yapwe. Gari aliache. Na kama ameyaona maji mapema akiwa bado pakavu, arudi kijijini alale huko. Kitanda cha ghafla ni ghali, ila ni rahisi kuliko injini iliyokunywa chumvi.

Barabara yenyewe ilijengwa 1954. Kabla ya hapo watu walivuka mchangani, kwa hiyo nguzo ndizo za asili, lami ndiyo mgeni.

miguu_peku

Niingie hapo kwenye nguzo. Njia inaitwa Pilgrims' Way, inakatiza tambarare ya mchanga na tope kwa kilomita 5 hivi, kutoka karibu na daraja mpaka Chare Ends, ukingoni mwa kijiji. Hesabu saa 2 kwa mtu mzima anayetembea vizuri, na zaidi ukiwa na mtoto.

Kosa kubwa: kutumia saa za barabara kwa kutembea. Saa zile ni za magari. Mchanga uko chini kuliko lami, una mifereji inayobaki na maji hata bahari ikiwa imepwa, na gari linamaliza kwa dakika chache umbali ambao wewe unauhitaji saa 2. Kanuni ya watembeaji ni kuanza maji yakiwa yanapwa na kuwa umeshafika upande wa pili kabla ya katikati ya muda salama. Kwa mfano wa 08:30 hadi 15:55, katikati ni 12:12. Ukianza 09:30 uko sawa. Ukifika pale 11:30 huku unatafuta pa kuegesha gari, umeshachelewa. Panda gari uvuke kwa barabara.

Kwa maana hiyo, hii ni safari ya upande mmoja. Kurudi kwa miguu kwenye kupwa kulekule ni kutembea na maji yanayojaa nyuma yako, na yale hayaji kama ukuta unaouona. Yanajaza mifereji kwanza, mpaka unajikuta juu ya kisiwa kidogo cha mchanga huku nguzo inayofuata iko ng'ambo ya maji ya kifuani. Viko vibanda vya kujiokolea njiani, vya nguzo na ngazi, lakini navyo ni vya dharura.

Viatu. Wakati wa joto watu wengi huvua kabisa. Oktoba maji ni ya baridi kali; soksi nzito za mpira za wapiga mbizi zinafaa kuliko buti za mpira, kwa sababu buti ikizama kwenye mfereji inajaa na ile tope inaing'ang'ania. Fuata nguzo kwa karibu, usikate kona hata kama mchanga wa pembeni unaonekana mgumu. Ukungu ukishuka mpaka huoni nguzo ya pili mbele, rudi.

Mtoto wa miaka 8 mwenye kuzoea kutembea anaweza. Kwa Oktoba, na magoti ya mama, mimi ningewaambia muache.

jiwe_jekundu

Magofu. Niseme kwanza kinachowachanganya wageni: kuta unazoziona si zile zilizovamiwa na Waviking.

Monasteri ya kwanza ilianzishwa na Mtakatifu Aidan mwaka 635, aliyetoka kisiwa cha Iona, Scotland, kwa mwito wa mfalme Oswald wa Northumbria. Ilikuwa ya mbao zaidi, na juu ya ardhi hakuna cha kuona. Mtakatifu Cuthbert alikuja baadaye, akafariki 687 kwenye kisiwa cha Inner Farne, akazikwa Lindisfarne. Waviking walivamia 793. Wamonaki hawakuhama siku ile. Waliondoka 875, wakabeba mwili wa Cuthbert, na masalia yake yakafika Durham 995. Magofu mekundu ya leo ni ya kanisa la Wabenedikti wa Durham, karne ya 12, lililofungwa 1537 chini ya mfalme Henry VIII.

Simama chini ya lile tao jembamba linaloning'inia peke yake angani. Ni ubavu mmoja wa dari uliobaki wakati mnara wa katikati ulipoanguka. Halafu tazama nguzo za ukumbi mkuu: zimechongwa mistari ya kupindapinda, ileile iliyoko Durham Cathedral, kwa udogo wake. Jiwe lenyewe ni la mchanga, laini, na upepo wa bahari umelila mpaka baadhi ya matofali yana mashimo kama sega la nyuki. Mtoto asilipande.

Usipite jumba la makumbusho la pembeni bila kuingia. Mna jiwe la kaburi lenye safu ya watu waliochongwa wakiinua silaha, ambalo wengi hulihusisha na uvamizi wa Waviking. Injili za Lindisfarne, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, kazi ya askofu Eadfrith, hazipo kisiwani. Kitabu kiko British Library, London. Watu hufika pale wakiuliza dirisha la tiketi, wakarudi wamenuna.

Kanisa la Mtakatifu Maria liko ubavuni mwa magofu na bado linatumika. Ndani yake kuna sanamu ya mbao ya wamonaki sita wakibeba jeneza la Cuthbert, kubwa kama watu halisi. Mama atapata pia pa kukaa.

Ngome ni habari nyingine. Ilijengwa karne ya 16, mawe mengine yakitolewa kwenye monasteri, kisha msanifu majengo Edwin Lutyens akaigeuza nyumba ya mapumziko mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mchapishaji Edward Hudson. Iko mwendo wa chini ya nusu saa kutoka kijijini, njia tambarare, ila mwishoni kuna mpando mkali wa mawe ya mviringo. Hapo ndipo magoti yatakataa. Atafurahia zaidi bustani ndogo iliyobuniwa na Gertrude Jekyll, iliyozungushiwa ukuta, chini upande wa kaskazini. Oktoba maua yatakuwa yanaisha.

Magofu yako chini ya English Heritage, ngome iko chini ya National Trust. Ni tiketi mbili, na uanachama wa mmoja haufungui mlango wa mwingine. Angalia siku zao za kufungua kabla ya kununua tiketi ya treni, maana zote hupunguza siku majira ya baridi, na saa za ngome zinaweza kufuata maji.

Kwa siku moja yenye saa 5 au 6 za kukaa: magofu, makumbusho na kanisa saa 2, ngome kwa nje, na The Heugh, mwamba ulio nyuma ya magofu. Mkitaka ndani ya ngome pia, mtakimbia.

bata_bukini

Swali la 4, na hapa maji tena yanaamua, kwa njia inayokera kidogo: sili wanataka maji yaliyopwa, bata bukini wanataka maji yaliyojaa.

Sili wa kijivu hupanda kulala kwenye fungu la mchanga kusini mwa kijiji, bahari ikiwa imepwa, yaani barabara ikiwa wazi. Panda The Heugh, ule mgongo wa mwamba mweusi nyuma ya magofu. Tafuta kusini ile minara miwili myembamba ya kuongozea meli pale Guile Point, kisha shusha darubini kwenye mchanga wa karibu nayo. Kwa macho utaona kama mawe yaliyopangwa. Kwa darubini ya 8x42 mawe yanajikuna. Upepo ukitoka kusini utawasikia kabla ya kuwaona: ni mlio mrefu wa huzuni, kama mtu anayepuliza chupa tupu. Msijaribu kuwafuata kwa miguu. Kundi likiinua vichwa kwa pamoja, umeshakaribia kupita kiasi. Mkikuta mtoto wa sili peke yake ufukweni, msimrudishe majini, mwacheni.

Bukini aina ya Brent wenye tumbo jeupe hutoka Svalbard na kuanza kufika Septemba, Oktoba mtawakuta. Wanakula nyasi za baharini kwenye tambarare za Fenham Flats, na bahari ikipwa hutawanyika mbali wakawa vidoti. Maji yakianza kujaa yanawasukuma karibu na ufuko. Kwa hiyo mkiwahi Beal, upande wa bara inakoanzia barabara ya kisiwani, huku barabara bado imefungwa, msikae garini mnatazama simu. Shukeni: ule muda wa kusubiri ndio wa bukini. Mkisikia milio ya bunduki alfajiri, ni wawindaji wa ndege wenye vibali. Uwindaji unaruhusiwa kwenye sehemu za hifadhi majira ya baridi.

"Ndege wa rangirangi" bila shaka ni pafini, wale wenye mdomo mwekundu. Wengi huchanganya. Wanataga Farne Islands, ambako mashua huenda kutoka Seahouses, na ikifika Agosti karibu wote wameshaondoka kwenda baharini. Oktoba msiwatafute. Mtakaowaona bandarini ni bata wa eider, ambao wenyeji huwaita bata wa Cuddy, yaani wa Cuthbert.

Kwa atakayesoma uzi huu akipanga kwenda Mei hadi Agosti: buabua na ndege wengine wadogo hutaga juu ya mchanga mtupu, mayai yanafanana na kokoto. Sehemu hizo huzungushiwa kamba. Usiruke kamba, na mbwa abaki kwenye mnyororo.

mkoba_mgongoni

Asanteni sana, njia ya nguzo nimeifuta. Mawili tu: kutoka Berwick bila gari tunafikaje? Na kile kisiwa kidogo chenye msalaba mbele ya kijiji, tunaweza kwenda na mtoto?

jiwe_jekundu

Kile ni St Cuthbert's Isle. Kina maji yake. Saa za barabara hazikihusu kabisa, na watu hufungiwa pale huku magari yakiendelea kupita salama ng'ambo. Umbali ni mfupi sana, ila unakanyaga mawe yenye mwani unaoteleza. Nendeni maji yakiwa bado yanapwa, mguseni msalaba, rudini. Dakika 20 zinatosha, hakuna kivuli wala kiti.

bamvua_na_mafu

Usafiri: basi namba 477 hutoka Berwick hadi kijijini, na ratiba yake inabadilika kila siku kufuata maji, tena nje ya kiangazi siku zake hupungua. Tazameni tarehe yenu hasa. Likiwa halipo, teksi kutoka Berwick. Mkubaliane na dereva saa ya kuwarudisha mkiwa bado kituoni, na mumwonyeshe jedwali. Mabasi ya barabara kuu ya A1 yanawashusha njia panda ya Beal, lakini kutoka pale ni mbali mno kwa mama.

Mkiamua kukodi gari, maegesho ya wageni ni Chare Ends, ya kulipia, halafu dakika 10 hivi kwa miguu mpaka magofu. Jazeni mafuta bara. Mkirudi, osheni gari chini kwa maji yasiyo na chumvi, maana hata siku kavu lami ile ina vidimbwi vya chumvi.

bata_bukini

Moja nimesahau, na linahusu soksi. Kwenye matuta ya mchanga kuna mmea uitwao pirri-pirri, uliotoka New Zealand, wenye vitumba vya miiba midogo vinavyong'ang'ania nguo kama kupe. Unaua mimea ya pale, na matuta yale yana okidi ambayo haijulikani kukua kwingine popote duniani. Wageni ndio wanaoueneza. Vaeni viatu vyenye uso laini kwa juu, vya sufi na kamba nyingi viacheni nyumbani. Kabla ya kupanda basi, kaguaneni: kamba za viatu, soksi, pindo za suruali, mkoba uliowekwa chini. Kinachopatikana kiingie kwenye mfuko wa taka, kisitupwe njiani. Mtoto mpeni kazi hiyo, macho yake yako karibu na viatu.